Sababu Iliyofichwa: Jinsi Dai la Ubaguzi Kazini Linavyoendeshwa Chini ya Sheria ya Jimbo la California

Mtu aliyewahi kuajiriwa Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kuhamia Marekani huenda huko na dhana moja ambayo baadaye humgharimu, nayo ni kwamba mwajiri hawezi kumwachisha kazi bila sababu ya msingi. Nyumbani dhana hiyo ina mashiko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ya kumwachisha mfanyakazi ni halali na kwamba utaratibu uliofuatwa ni wa haki, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakwenda mwendo huohuo. California, kama ilivyo karibu katika majimbo yote ya Marekani, inaanzia upande wa pili. Kifungu cha 2922 cha Sheria ya Kazi ya jimbo hilo kinaruhusu ajira isiyo na muda maalumu ivunjwe kwa matakwa ya upande wowote, na tafsiri yake ya kila siku ni kwamba mwajiri anaweza kukuondoa kwa sababu nzuri, kwa sababu ya kipuuzi, au bila kutaja sababu yoyote.

Asichoruhusiwa ni kukuondoa kwa sababu iliyokatazwa. Hapo ndipo dai la ubaguzi linapozaliwa, na hapo ndipo walalamikaji wengi wanapopotea, kwa kuwa wanakwenda kwa wakili wakiwa na ushahidi mwingi kwamba walionewa na ushahidi mchache sana kuhusu kwa nini walionewa. Msimamizi mkali anayewatukana wafanyakazi wote kwa usawa havunji sheria hii. Anayemtukana mmoja tu, na kumtukana kwa sababu ya asili yake, anaivunja. Kila hatua nitakayoieleza hapa, kuanzia barua pepe ya kwanza hadi makubaliano ya mwisho, ina kazi moja, ambayo ni kuitoa hadharani sababu ambayo mwajiri hatakubali kamwe kuisema.

Ili maelezo yasielee hewani, tumfikirie mama mmoja mzungumzaji wa Kiswahili, mzaliwa wa Kongo, ambaye ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko San Diego. Si mtu halisi, lakini hali yake ni ya kawaida. Msimamizi mpya anamwambia kwamba wazee hawaelewi lafudhi yake, anamhamishia zamu ya usiku, na anamkataza kuzungumza Kiswahili na mwenzake hata wakati wa mapumziko. Mama huyu anaiandikia ofisi ya utumishi barua pepe kulalamika. Wiki tatu baadaye anapewa onyo lake la kwanza la maandishi kwa kuchelewa, na baada ya mwezi mmoja anaachishwa kazi. Wenzake wawili waliochelewa mara nyingi zaidi yake bado wako kazini.

Sheria ipi, na kwa nini ya jimbo

Watu wengi wanaifahamu Sheria ya Haki za Kiraia ya shirikisho ya mwaka 1964, lakini California ilikuwa imetunga sheria yake dhidi ya ubaguzi katika ajira miaka mitano kabla, mwaka 1959, chini ya Gavana Pat Brown, na New York ilikuwa imetangulia mapema zaidi, mwaka 1945. Sheria ya California inayotumika leo inaitwa Sheria ya Haki katika Ajira na Makazi, na ilichukua umbo hilo mwaka 1980 pale sheria ya ajira na ile ya makazi zilipounganishwa. Inasimamiwa na Idara ya Haki za Kiraia ya California, ambayo kifupi chake ni CRD na ambayo ilibadilishiwa jina mwaka 2022. Kwa hiyo msomaji anayekutana na kifupi cha DFEH katika nyaraka za zamani ajue kwamba ni ofisi ileile.

Tofauti kati ya sheria ya jimbo na ya shirikisho ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama kuna kesi au hakuna. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1964 inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, ilhali ya California inaanzia wafanyakazi 5, na kwa unyanyasaji inamfikia hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja. Sheria ya shirikisho inaweka kikomo kwa fidia ya maumivu ya nafsi na fidia ya adhabu, yaani ile ya kumwadhibu mwajiri, zikijumlishwa pamoja, kuanzia dola 50,000 kwa mwajiri mdogo hadi dola 300,000 kwa mwajiri mkubwa kuliko wote, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1991. Sheria ya California haina kikomo cha namna hiyo. Orodha ya sifa zinazolindwa nayo ni ndefu zaidi: mbali na rangi, dini, jinsia, nchi ya asili, ulemavu na umri wa miaka 40 na kuendelea, inataja pia hali ya ndoa, hali ya kiafya, maamuzi ya mtu kuhusu uzazi na nyinginezo, na tangu mwaka 2020 nywele za asili na mitindo kama kusuka na rasta zinahesabiwa kuwa sehemu ya rangi.

Kwa mama yetu wa San Diego yako mambo mawili ambayo sheria ya jimbo inayasema waziwazi. Kanuni za California zinaihesabu lafudhi kuwa sehemu ya nchi ya asili, na mwajiri anayemwadhibu mtu kwa lafudhi yake anapaswa kuthibitisha kwamba lafudhi hiyo inamzuia kwa kiwango kikubwa kufanya kazi yenyewe. Malalamiko ya wateja kwamba hawaipendi hayatoshi. Kuhusu lugha, mwajiri anayewalazimisha wafanyakazi kuzungumza Kiingereza tu anapaswa kuonyesha kwamba biashara yake haiwezi kwenda salama na kwa ufanisi bila amri hiyo, na awe amewaarifu wafanyakazi mapema. Wakati wa mapumziko amri hiyo haina uhalali wowote. Msimamizi aliyemkataza mama huyu kuzungumza Kiswahili akiwa anakula chakula chake alikwisha kuvunja kanuni kabla hata ya suala la kuachishwa kazi kuibuka.

Waislamu wa mwambao wanaofanya kazi huko nao wana kifungu chao. Tangu mwaka 2013 sheria ya California inataja mavazi na mapambo ya kidini kwa jina, na inasema kwamba kumficha mfanyakazi nyuma, mbali na wateja, ili hijabu yake isionekane, si njia halali ya kumkidhia haja yake ya kidini.

Yuko mfanyakazi mmoja ambaye maelezo yote haya hayamhusu, naye ni mwajiriwa wa serikali ya shirikisho, kwa mfano posta au hospitali ya maveterani. Huyo ana utaratibu wake mwenyewe, na sharti lake la kwanza ni kumwona mshauri wa masuala ya usawa katika idara yake ndani ya siku 45. Wengi wanaligundua sharti hilo siku ya sitini.

Muda

Ukomo wa muda ndio unaoua madai mengi mazuri, kwa kuwa hakuna ukomo mmoja. Malalamiko ya ubaguzi chini ya sheria ya jimbo hupelekwa CRD ndani ya miaka 3 tangu tendo linalolalamikiwa, muda ambao kabla ya mwaka 2020 ulikuwa mwaka mmoja tu, na ushauri wa zamani wenye tarakimu hiyo bado unazunguka. CRD ikishatoa hati ya haki ya kufungua kesi, mlalamikaji ana mwaka 1 kuanzia tarehe ya hati kufika mahakamani. Kwa upande wa shirikisho, malalamiko kwa Tume ya Fursa Sawa za Ajira, yaani EEOC, yanatakiwa ndani ya siku 300 huko California, na hati ya tume hiyo ikishapokelewa zinabaki siku 90 tu. Dai linaloambatana mara nyingi na la ubaguzi, yaani la kuachishwa kazi kinyume na misingi ya sera ya umma (kwa sababu inayokiuka misingi ambayo sheria imeiweka kwa manufaa ya wote), halipiti CRD kabisa na lina ukomo wa miaka 2. Mtu anayetulia kwa kuamini kwamba ana miaka 3 anaweza kujikuta amepoteza dai la shirikisho mwaka wa kwanza na dai hilo lingine mwaka wa pili, huku akiwa bado anajiona yuko ndani ya muda.

Matendo yanayofuatana, ya aina moja na yasiyokatika, mahakama za California zinaweza kuyachukua kama mwenendo mmoja, hivyo matendo ya zamani yakaingia pamoja na la mwisho. Kanuni hiyo ni ya kujiokoa pale mtu anapokuwa amechelewa. Kuitegemea tangu mwanzo ni kucheza kamari.

Malalamiko yenyewe

Mahakama ya jimbo haitapokea dai chini ya sheria hii kabla mlalamikaji hajapita CRD. Zipo njia mbili za kupita, na mtu anapaswa kuchagua akijua anachoacha. Njia ya kwanza ni kuomba uchunguzi. Mlalamikaji hujaza fomu ya maelezo ya awali, anahojiwa na ofisa, malalamiko rasmi yanaandikwa na kupelekwa kwa mwajiri ili ajibu, idara hutoa upatanishi bila malipo pande zote zikikubali, kisha idara inaamua kama inaona msingi wa kuendelea. Njia ya pili ni kuomba hati ya haki ya kufungua kesi papo hapo, ambayo hutolewa mara moja kupitia mtandao, lakini kwa kuichagua mlalamikaji anakuwa ameaga uchunguzi, kwani idara haitagusa tena jambo hilo. Mwenye wakili karibu kila mara huchukua njia ya pili. Asiye na wakili akiichukua kwa haraka anabaki na mwaka mmoja wa kutafuta mtu wa kumwakilisha, na huo si muda mrefu.

Kinachoandikwa katika malalamiko kina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu mahakama inaweza kukataa kusikiliza jambo ambalo halikutajwa humo. Mama yetu akiandika nchi ya asili peke yake na kuacha kulipiziwa kisasi, anaweza kuzuiwa kulileta dai la kisasi, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu zaidi katika habari yake yote. Aliyeajiriwa kupitia wakala wa kuwagawa vibarua awataje wakala na kampuni alikopelekwa kufanya kazi, kila mmoja kwa jina lake la kisheria, ambalo mara nyingi linapatikana kwenye hati ya mshahara na halifanani na jina lililoko kwenye bango la mlangoni. Msimamizi anayedaiwa kunyanyasa atajwe pia, kwa kuwa sheria ya California inamwajibisha mnyanyasaji mwenyewe, ingawa kwa ubaguzi na kisasi mahakama kuu ya jimbo imeamua kwamba anayewajibika ni mwajiri peke yake. Na asiyekimudu Kiingereza aombe mkalimani tangu mahojiano ya kwanza badala ya kumtegemea mtoto wake au rafiki, maana maelezo ya siku hiyo yatalinganishwa neno kwa neno na yale atakayoyatoa baadaye chini ya kiapo.

Kuithibitisha sababu

Ni nadra mwajiri kuandika kwamba anamwondoa mtu kwa sababu ya asili yake. Kwa hiyo kesi nyingi zinajengwa kwa ushahidi wa mazingira, na mahakama za California zinafuata mpangilio ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliuweka mwaka 1973 katika shauri lililoihusu kampuni ya kutengeneza ndege ya McDonnell Douglas. Kwanza mlalamikaji anaonyesha mambo machache ya msingi: kwamba ana sifa inayolindwa, kwamba kazi alikuwa anaimudu, kwamba alipatwa na hatua mbaya ya kikazi, na kwamba kuna mazingira yanayoashiria ubaguzi. Kisha mwajiri anatakiwa kutoa sababu halali, na hapa sitawahi kushangaa, kwa kuwa mwajiri huwa anayo: kuchelewa, utendaji, kupunguza wafanyakazi. Ndipo mlalamikaji anaporudishiwa mzigo wa kuonyesha kwamba sababu hiyo ni kisingizio, au kwamba hata kama ina ukweli ndani yake, ubaguzi nao ulichangia kwa kiwango kikubwa.

Kiwango hicho kilifafanuliwa mwaka 2013, katika shauri la dereva wa basi aliyeachishwa kazi na Jiji la Santa Monica baada ya kusema kwamba ni mjamzito. Mahakama kuu ya California iliamua kwamba haitoshi ubaguzi kuwa ulikuwepo tu, lazima uwe ulichangia kwa kiwango kikubwa uamuzi wenyewe. Ikaongeza kwamba mwajiri akithibitisha kuwa angemwachisha mtu huyo hata bila ubaguzi, mlalamikaji hapati fidia ya fedha wala kurudishwa kazini, ingawa mahakama inaweza kutamka kwamba sheria ilivunjwa, kumzuia mwajiri asirudie na kumlipa mlalamikaji gharama za wakili. Ni uamuzi wa katikati, na mawakili wa pande zote mbili hawaupendi kwa sababu zinazopingana.

Kisingizio kinaonekana wapi, basi? Mara nyingi katika kulinganisha. Wenzake mama yetu waliochelewa zaidi na hawakuguswa ni ushahidi mzito kuliko ushuhuda wowote wa jinsi alivyoumia, hasa kama walikuwa chini ya msimamizi yuleyule na kanuni ileile. Kinaonekana pia katika mabadiliko: tathmini nzuri za miaka mitatu ambazo ghafla zinageuka kuwa mbaya baada ya msimamizi mpya kufika, au sababu inayotolewa siku ya kuachishwa ikawa moja na ile iliyoandikwa katika majibu kwa CRD ikawa nyingine. Na kinaonekana katika maneno. Mwaka 2024 mahakama kuu ya California iliamua, katika shauri dhidi ya ofisi ya mwendesha mashtaka wa San Francisco, kwamba tusi moja la kibaguzi, hata likitoka kwa mfanyakazi mwenza asiye msimamizi, linaweza kuwa zito kiasi cha kuhesabiwa kuwa unyanyasaji, kutegemea mazingira yote yaliyolizunguka.

Ushahidi huu mwingi uko mikononi mwa mwajiri, lakini si wote unaosubiri kesi. Mfanyakazi wa California, awe bado kazini au ameondoka, ana haki ya kudai kwa maandishi nakala ya jalada lake la kiutumishi na mwajiri ana siku 30 za kulitoa, na kumbukumbu za mishahara ndani ya siku 21. Ombi hili halihitaji wakili. Yako mambo mawili ya kuepukwa hata kama hasira inakusukuma. La kwanza ni kurekodi mazungumzo ya faragha kwa siri, ambalo California ni kosa la jinai isipokuwa wahusika wote wameridhia, tofauti na majimbo mengi mengine, na wageni waliohamia kutoka Texas au Arizona hulifanya bila kujua. La pili ni kujitumia nyaraka za siri za kampuni au za wagonjwa, jambo ambalo humpa mwajiri sababu halali ambayo hapo awali hakuwa nayo.

Dai la kulipiziwa kisasi linasimama lenyewe. Hata kama itathibitika mwishoni kwamba msimamizi hakuwa mbaguzi, mfanyakazi aliyelalamika kwa nia njema na kuamini kwa busara kwamba kuna ubaguzi analindwa dhidi ya kuadhibiwa kwa kulalamika. Ndiyo maana barua pepe ya mama yetu ina thamani. Ina tarehe, na onyo la wiki tatu baadaye nalo lina tarehe, na mwajiri atalazimika kueleza kwa nini uchelewaji wa miaka yote ulianza kumkera baada ya barua hiyo. Kwa sharti moja: barua iwe imetaja ubaguzi. Malalamiko yanayosema tu kwamba msimamizi hana heshima au anapendelea watu wake, bila kugusa asili, rangi, dini au sifa nyingine inayolindwa, mara nyingi hayahesabiwi. Watu wetu, kwa adabu waliyolelewa nayo, huandika barua zilizofunikwa mno. Hapa lugha ya mafumbo inamsaidia mwajiri.

Kujiuzulu nako kuna hatari yake. Anayeacha kazi mwenyewe na baadaye kudai kwamba alisukumwa anatakiwa kuonyesha kwamba hali ilikuwa haivumiliki kiasi kwamba mtu wa kawaida mwenye busara asingekuwa na njia nyingine, na kwamba mwajiri alijua. Ni kipimo kigumu. Kumwona wakili kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu ni saa moja isiyopotea.

Asiye na hati za kufanya kazi

Swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote ni kama mtu asiye na kibali cha kufanya kazi anaweza kudai. California imejibu kwamba anaweza. Sheria iliyopitishwa mwaka 2002 inasema kwamba ulinzi wa sheria za kazi za jimbo ni wa kila mfanyakazi bila kujali hadhi yake ya uhamiaji. Mwaka 2014, katika shauri dhidi ya kampuni ya Sierra Chemical, mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba mfanyakazi aliyetumia namba ya hifadhi ya jamii isiyo yake hakupoteza dai lake kwa sababu hiyo, isipokuwa hawezi kulipwa mishahara ya kipindi cha baada ya mwajiri kugundua kwamba hana kibali, kwa kuwa hapo sheria ya shirikisho inatangulia. Aidha, jimbo linamkataza mwajiri kutishia kuripoti mfanyakazi kwa maofisa wa uhamiaji ili kumlipizia kisasi. Sheria ya jimbo, hata hivyo, haimfungi mikono ofisa wa shirikisho, na mtu wa aina hii anahitaji ushauri wa wakili wa uhamiaji sambamba na wa kazi kabla ya jina lake kuingia kwenye karatasi yoyote.

Kama umetia saini mkataba wa kutokwenda mahakamani

Miongoni mwa karatasi zinazotiwa saini siku ya kwanza ya kazi, mara nyingi bila kusomwa, kuna ile inayosema kwamba migogoro yote itaamuliwa na msuluhishi binafsi badala ya mahakama. California ilijaribu kuwazuia waajiri kuifanya sharti la ajira, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaitupa sheria hiyo. Kilichobaki ni masharti yaliyowekwa na mahakama kuu ya jimbo mwaka 2000: msuluhishi asiegemee upande wowote, uamuzi uwe wa maandishi, nafuu zote za kisheria zipatikane, ushahidi wa kutosha ubadilishwe, na mwajiri abebe gharama ambazo ni za usuluhishi tu. Mkataba usiokidhi unaweza kuvunjwa. Madai ya unyanyasaji wa kingono yameondolewa katika kifungo hicho na sheria ya shirikisho ya mwaka 2022, lakini ya rangi na nchi ya asili hayajaondolewa, na sioni hoja ya maana ya kuyatofautisha.

Nani analipa, na kinacholipwa

Mawakili wa walalamikaji kwa kawaida hawadai fedha mwanzoni. Wanalipwa sehemu ya kile kitakachopatikana, mara nyingi kati ya theluthi moja na asilimia 40. Mlalamikaji akishinda, mahakama inaweza kumwamuru mwajiri alipe gharama za wakili wake. Mwajiri akishinda halipwi zake isipokuwa dai lilikuwa la upuuzi au lisilo na msingi wowote. Kutokulingana huko kumewekwa kwa makusudi, maana bila hivyo hakuna msaidizi wa wauguzi ambaye angethubutu.

Fidia inajumuisha mishahara iliyopotea, ile ya baadaye, maumivu ya nafsi, na fidia ya adhabu pale wakuu wa kampuni walipotenda kwa nia mbaya au ukandamizaji. Lakini mfanyakazi ana wajibu wa kutafuta kazi nyingine, na mapato yake mapya hukatwa kwenye hesabu. Kazi hiyo haitakiwi kuwa yoyote tu. Kanuni hiyo ilipata sura yake mwaka 1970 kupitia mwigizaji Shirley MacLaine, ambaye studio ilifuta filamu yake ya muziki iliyokuwa itengenezwe California na badala yake ikampa filamu ya wachunga ng'ombe ya kutengenezwa Australia. Mahakama ilisema kwamba hakuwa na wajibu wa kukubali kazi ya aina tofauti na ya hadhi ya chini. Msaidizi wa wauguzi anaweza kuegemea kanuni hiyohiyo akiambiwa kwamba angekubali kufagia ghala, lakini aweke orodha ya kila mahali alikoomba kazi.

Kesi ikifika mwisho husikilizwa mbele ya jopo la raia 12, na kwa kuwa ni ya madai, kura 9 zinatosha. Nyingi hazifiki huko. Mwajiri huomba kwanza jaji aamue bila mashahidi, na sehemu kubwa ya zinazovuka kizuizi hicho humalizwa kwa makubaliano. Makubaliano ya dai lililokwisha kufunguliwa hayawezi, tangu mwaka 2022, kumkataza mlalamikaji kueleza ukweli wa ubaguzi aliotendewa, ingawa kiasi cha fedha kinaweza kufanywa siri. Sehemu kubwa ya fedha hizo inatozwa kodi, pamoja na ile ya maumivu ya nafsi yasiyotokana na jeraha la mwili, na mgawanyo wake katika mkataba ni jambo la kujadiliwa kabla ya saini. Anayeletewa karatasi ya kuachana na kazi kabla hajafungua dai lolote anapaswa kuarifiwa kwamba ana haki ya kumwona wakili na kupewa siku za kazi zisizopungua 5 za kufanya hivyo. Mwenye umri wa miaka 40 au zaidi anayeachia madai yake ya shirikisho ya ubaguzi wa umri kwa karatasi hiyo ana siku 21 za kufikiri, na siku 7 za kuibatilisha hata baada ya kutia saini.